Sura ya Sita: Aliyebeba Mzigo Amekula Nini?

Kariakoo huanza kula kabla haijaanza kuuza. Saa kumi na moja alfajiri milango ya chuma ya Mtaa wa Congo na Mtaa wa Mchikichi bado imefungwa, lakini supu imeshachemka. Kuna supu ya utumbo, kuna makongoro, na chapati zinageuzwa kwenye chuma. Wanywaji wa saa hiyo ni wasukuma mikokoteni, waendesha guta, vijana waliokesha wakishusha malori na walinzi wanaomaliza zamu. Saa nne huja chai, maandazi, vitumbua na mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, na sasa wanaokula ni wauzaji wa madukani. Saa saba ni wali na ugali. Jioni inaingia kwa mishikaki, chipsi mayai na supu ya pweza, na walaji ni watu wanaorudi nyumbani, wanaoelekea kituo cha mwendokasi cha Gerezani. Ukikaa kwenye kona moja tangu alfajiri hadi usiku, ngazi zote za biashara zitapita mbele yako, kila moja kwa saa yake ya kula.

Mimi na mke wangu husafiri kwa namna hii. Yeye ni mhasibu na hawezi kuonja kitu bila kukipigia hesabu: nani amekileta, kwa nauli gani, na nani amebaki na faida. Mimi nimefundisha historia na siwezi kupita mbele ya jengo bila kuuliza limejengwa lini na nani alikuwa hapo kabla yake. Kwenye sahani ndipo tunapokutana.

Swali la sura hii ni lake. Tulikuwa Mtaa wa Narung'ombe tukiwatazama vijana wanne wakiinua robota la vitenge kulipandisha kwenye guta. Ubavuni mwa robota paliandikwa kwa kalamu nene jina la mji wa Lubumbashi. Mke wangu akaniuliza, "Mzigo huu una bei, una kodi, una risiti. Hawa waliobeba wamekula nini?" Tangu hapo hatukuweza kuutazama mtaa wowote wa Kariakoo bila swali hilo, na nilipoanza kuirudia historia ya mahali hapa niliona kwamba ndilo swali lake kongwe kuliko yote.

Wapagazi

Dar es Salaam ilianza kama mradi wa sultani. Majid bin Said wa Zanzibar aliichagua bandari iliyojificha karibu na kijiji cha Mzizima, akaanza kujenga katika miaka ya 1860. Alipofariki mwaka 1870 mradi ukalala. Wajerumani waliuamsha, na mwaka 1891 wakahamishia makao makuu yao hapa kutoka Bagamoyo. Mwaka 1905 wakaanza reli ya kati, nayo ikafika Kigoma mwaka 1914. Kwenye eneo ambalo leo ni Kariakoo waliacha banda kubwa la soko ambalo Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilifika kabla halijatumika.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Eneo hilo wakaligeuza kambi ya kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na mtaa ukabaki na jina hilo, Kariakoo, hadi leo. Vita ya Afrika Mashariki ilipiganwa mahali pasipo na barabara, na ndorobo waliua farasi na nyumbu. Kila risasi na kila mkebe wa chakula cha afisa ulisafiri kichwani mwa mtu. Waafrika walikamatwa vijijini kwa mamia ya maelfu.

Hesabu za Waingereza wenyewe zilitaja vifo vya wapagazi zaidi ya 40,000, na wanahistoria wanaamini idadi halisi ilikaribia 100,000. Wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa posho. Walipewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, hata wale waliotoka kwa walaji wa wali, ndizi au mtama. Unga huo unahitaji maji mengi na moto wa muda mrefu. Mtu aliyetembea kutwa nzima kwenye mvua, mwenye kuni mbichi na sufuria ya kugombaniwa, alikula uji mbichi, na uji mbichi ukamchana tumbo. Baadaye madaktari na maofisa wachache walipigania posho bora na namna bora ya kupika, na vifo vikapungua. Maana yake ni kwamba wengi wa waliokufa wangeweza kuishi kwa chakula kilichoiva.

Penye mzunguko wa Mtaa wa Samora imesimama sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Ni shaba nzuri, askari ameshika bunduki yenye singe. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini. Tulisimama hapo mchana wenye jua kali, na nikamweleza mke wangu habari ya unga. Alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo nimeliandika kama alivyolisema: "Waliweka hesabu ya risasi, hawakuweka hesabu ya kuni."

Kuvuka Mnazi Mmoja

Baada ya vita, mwanzoni mwa miaka ya 1920, banda la Wajerumani likawa soko, na mji ukagawanywa kwa rangi zaidi kuliko hapo kabla. Uzunguni ilikuwa upande wa bahari, Uhindini katikati, Uswahilini upande wa Kariakoo, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kutenga Uhindini na Uswahilini. Leo unauvuka kwa dakika chache, na bado pua inakuambia umevuka. Kuelekea Kisutu na Mtaa wa Libya unakutana na chai ya maziwa yenye iliki na tangawizi, kababu, bhajia za dengu na chatini ya nazi, na usiku moshi wa kuku wa gajjar wa Mamboz, kona ya Mtaa wa Libya na Barabara ya Morogoro.

Inua macho juu ya vibao vya maduka utaona majina ya familia na miaka iliyochongwa kwenye saruji. Aprili 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Wengi wa waliotwaliwa walikuwa Watanzania wenye asili ya Asia, na familia nyingi zilihamia Uingereza na Kanada. Majina yamebaki ukutani juu ya wapangaji wengine.

Kariakoo ilijengwa kwa namna nyingine. Hapa nyumba ilikuwa ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba sita, na uani nyuma penye jiko, choo na maji. Mwenye nyumba, mara nyingi Mwafrika, alipangisha chumba kimojakimoja. Uani ndipo ulipopikwa wali wa kuuza, na ndipo pombe ilipotengenezwa. Wanawake waliopika na kutengeneza pombe hawakuwa na mishahara, kwa hiyo hawakuwa na mwajiri wa kumwogopa. Chama cha uhuru cha TANU kilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba, watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga nacho. Bibi Titi Mohamed, kiongozi wa wanawake wa chama hicho, aliwaendea wanawake hao na vikundi vyao vya ngoma, nao wakanunua kadi, wakachanga fedha na kulisha mikutano. Kabla ya hapo Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi, alikuwa msimamizi wa soko la Kariakoo lenyewe. Na mwaka 1947 makuli wa bandarini walikuwa wameshagoma kwa sababu mshahara haukutosha maisha ya mji. Uhuru wa nchi hii ulipikiwa uani, na wabeba mizigo walikuwa miongoni mwa waliotangulia kudai haki zao.

Shimoni

Tarehe 8 Desemba 1975 Mwalimu Nyerere alifungua soko jipya lililosanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika nchini. Paa lake la zege linakaa kama miavuli mikubwa iliyopinduliwa, kila mmoja juu ya nguzo yake, hewa ikapita pembeni na maji ya mvua yakakusanywa katikati. Chini ya ardhi palikuwa na soko la jumla ambalo kila mtu aliliita Shimoni.

Shimoni ungeweza kuisoma ramani ya Tanzania kwa magunia: mchele wa Kyela na wa Shinyanga, vitunguu vya Mang'ola na Ruaha Mbuyuni, nyanya za Ilula, viazi vya Njombe, machungwa ya Muheza, nazi za Mafia, karafuu za Pemba. Kila gunia lilishuka ngazi mgongoni mwa mtu na kupanda tena mgongoni mwa mwingine. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko liliungua. Wafanyabiashara wakatawanywa kwenye masoko mengine ya jiji, ukarabati ukaanza na jengo jipya likainuliwa pembeni.

Wakati huo Kariakoo ilikuwa imeshavuka kuta za soko zamani sana. Mwaka 1983, wakati wa upungufu mkubwa wa bidhaa, Sheria ya Nguvu Kazi iliwasaka wachuuzi wasio na leseni na kuwasafirisha vijijini kulima. Walirudi, kwa sababu mji uliwahitaji. Bajeti ya 1984 ikaanza kulegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka 1985 milango ikafunguka zaidi. Nyumba za vyumba sita zikaanza kushuka, maghorofa yakapanda. Mara nyingi mwenye kiwanja hutoa ardhi, mwekezaji hutoa fedha, kisha hugawana sakafu. Fremu moja ya chini huweza kukodishwa kwa kodi ya mwaka mzima iliyolipwa mapema, pamoja na kilemba cha kuingilia.

Leo mfanyabiashara wa hapa anaagiza Guangzhou kwa simu, anachangia kontena na wenzake, na kumuuzia mteja wa Zambia, Kongo, Malawi, Burundi au Comoro. Kinachoendesha yote hayo ni uaminifu. Mwenye duka humpa mchuuzi bidhaa kwa mali kauli: chukua asubuhi, uza, lete fedha jioni. Hakuna dhamana zaidi ya sura na neno. Kijana anayeitwa winga hana duka wala bidhaa. Mtaji wake ni kujua nani ana nini ghorofa ya ngapi. Mmoja alimwamkia mke wangu, "Shikamoo mama, unatafuta nini nikupeleke?" Akatupitisha ngazi na vichochoro hadi kwenye stoo ya ghorofa ya nne yenye vitenge vilevile tulivyoviona chini, kwa bei pungufu. Ujira wake ulikuwa ndani ya bei, na mke wangu alikubali kwamba ameustahili: "Ametuokolea nusu siku."

Daftari la mama lishe

Katika mabadiliko hayo jambo moja halikuandikwa kwenye mkataba wowote. Maghorofa yalipojaza viwanja, uani ulikwisha. Jiko lililokuwa nyuma ya nyumba halikuwa na pa kwenda isipokuwa mtaani. Ndiyo maana mama lishe anapika ukingoni mwa barabara: fremu imekaa juu ya jiko lake.

Tulikula kwa mama mmoja karibu na Mtaa wa Sikukuu. Sufuria yake ya wali ilikuwa na makaa juu ya mfuniko, maharage ya nazi yakichemka taratibu pembeni, mchicha kwenye beseni, pilipili ya kusaga kwenye kopo. Sahani ya wali maharage ilikuwa shilingi 2,000, yenye nyama zaidi kidogo, na kipande cha tikiti maji juu. Wali ulikuwa umechambuka na maharage yalikuwa mazito. Mabinti wawili walipanga sahani kwenye sinia, wakazifunika na kuzipandisha ghorofani kwa wauzaji wasioweza kuacha duka. Baada ya saa moja walipanda tena kukusanya vyombo na fedha.

Mke wangu aliomba kuona daftari, nao wakaketi kama watu wa kazi moja. Kilo ya mchele hutoa sahani tano, pengine sita. Mkaa ananunua kwa kopo, maji kwa dumu, mafuta kwa kupimiwa, kwa sababu hana stoo wala mtaji wa gunia. Kwa hiyo kila kitu anakinunua kwa bei ya juu kuliko mwenye hoteli. Nilimuuliza habari ya gesi, maana mkakati wa taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. "Baba, jiko la gesi ninalo," akasema. "Mtungi ukiisha nalipa kwa mkupuo. Mkaa nalipa wa leo."

Kurasa za nyuma za daftari zilikuwa za madeni. Wabeba mizigo hula asubuhi na kulipa jioni, mzigo ukipatikana. Usipopatikana, analipa kesho, na mama anajua kwamba akimnyima leo, kesho hatakuwa na nguvu ya kubeba, na deni litakufa. Mke wangu alijumlisha madeni ya wiki ile, akayalinganisha na faida, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mama huyu anawakopesha watu wa Kariakoo bila riba kila siku. Yeye mwenyewe anapokwama anategemea mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu anaocheza na wenzake, na zamu yake ikiwa mbali anaingia kwenye mikopo ya mtaani ambayo watu wameipa jina lake halisi: kausha damu.

Kukwama hutokea. Oktoba 2021 machinga walihamishwa kutoka barabarani, na walaji wake nusu wakaondoka nao. Tarehe 15 Mei 2023 maduka yalifungwa kupinga kamatakamata ya kodi na usajili wa stoo, hadi Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alipokutana na wafanyabiashara Mnazi Mmoja siku mbili baadaye. Mgomo ukarudi Juni 2024. Magazeti yalihesabu mapato yaliyopotea ya maduka na ya serikali. Mama lishe hana mlango wa kufunga. Siku ya kwanza ya mgomo alikuwa ameshapika, na wali haungojei mazungumzo. Kisha tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, zaidi ya watu 20 wakafariki. Waokoaji walichimba kwa siku kadhaa, na wapishi wa mitaa ya jirani walikuwa miongoni mwa wanaoishi kwa kazi iliyofanyika hapo.

Hesabu yetu

Mke wangu anasema uchumi wa Kariakoo unachukuliwa kana kwamba una watu wawili tu, mwenye duka na mtoza kodi. Mikutano inaitishwa kwa ajili yao, na ni haki iitishwe. Lakini duka linafunguliwa kwa sababu kijana ameweza kubeba, na kijana amebeba kwa sababu mtu amempikia kwa mkopo. Kiungo hicho kikikatika, kontena litakaa ndani ya lori.

Kinachotakiwa si kikubwa. Bomba la maji na choo kila baada ya mitaa kadhaa. Sehemu ya moto yenye paa na mfereji, ndani ya ramani ya kila jengo jipya la biashara, kama inavyowekwa sehemu ya kuegesha magari. Gesi inayouzwa kwa kipimo cha siku. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mama tuliyekula kwake anaijua mikopo hiyo, lakini anatakiwa awe na kikundi, katiba, akaunti na siku za kufuatilia, na siku moja bila kupika ni siku moja bila kula. Ofisa mwenye fomu angeweza kumfuata sufuriani saa tisa alasiri, walaji wanapopungua. Daftari lake lina kumbukumbu nzuri kuliko za maduka mengi tuliyoyaona.

Nchi hii ililipa gharama kubwa sana, mwaka 1917, kujifunza kwamba mbeba mzigo asiyepikiwa vizuri anakufa njiani. Somo hilo tumelipata juu ya ardhi hii hii, na hakuna sababu ya kulilipia mara ya pili.

Msomaji ukifika Kariakoo, kula mtaani, kaa kwenye benchi, uliza mchele umetoka wapi na mkaa umenunuliwa kwa kiasi gani, kisha lipa papo hapo, kwa sababu mpishi ana madeni ya kutosha ya kungojea. Sisi tuliondoka na maswali ya vitunguu na nyanya: bei wanayopata Ilula na Ruaha Mbuyuni, na bei tunayolipa mjini. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro Juni 2024, ilitufikisha mguu wa kwanza wa safari hiyo, na sura inayofuata inaanzia shambani.